Kumetameta Juu na Chini ya Maji

Neno kumetameta limetwishwa mzigo usio wake katika maandishi ya elimu ya bahari. Kwa miale inayoakisiwa na uso wa maji halina kasoro. Lakini bahari shwari, jua likiwa utosini, huakisi takriban asilimia 2 tu ya nuru, iliyobaki huzama. Upepo mwepesi ukivuma, migongo ya mawimbi huikusanya nuru hiyo kama lenzi, ikawa mistari inayokimbia majini, mikali pengine kuliko jua la juu. Hayo nayo yakiitwa kumetameta, mwanafunzi atadhani nuru imerudi angani, kumbe imeingia kulisha mimea midogo ya baharini. Twapendekeza mkusanyo wa miale: jina zito ulimini, wala halina uzuri wa lile la kwanza.