Mfano na Sura

Hapa Majengo mtu akitaja sura, twafahamu uso: fulani ana sura nzuri, fulani mbaya. Biblia ya mwaka 1952, ikieleza kuumbwa kwa mtu katika mlango wa kwanza wa Mwanzo, yatumia maneno mawili, mfano na sura. Wasikiaji wengi hulishika la pili na kuliacha la kwanza. Hudhani Mungu ana uso kama wetu, kisha huanza kupima nyuso za wenzao.

Watafsiri hatuwalaumu. Lililoandikwa mfano, kwa Kiebrania ni tselem, neno litumikalo hata kwa sanamu. Wafalme wa kale walisimamisha sanamu zao katika nchi walizozitawala, ili ijulikane enzi ni ya nani. Mwanzo chawapa watu wote heshima hiyo, mume na mke; na katika mlango wa 9 ndiyo sababu ya kukatazwa kumwaga damu ya mtu.

Huko Buigiri iko shule ya wasioona tangu mwaka 1950. Mtoto asiyepata kuuona uso wa mtu, je, amepungukiwa na mfano wa Mungu? Hasha! Na ndugu zetu wenye ualbino waliouawa nchini mwetu miaka ya 2000, wauaji wao walitazama ngozi, wasimwone Yule aliyewaumba.

Basi, walimu, msilisome neno sura kanisani na kupita. Lielezeni, kwa kuwa kosa la sikio laweza kufika mkononi.