Tunaposema "tumemwachia Mungu", tunafungua kesi ama tunaifunga?

KUNA kauli moja ambayo siku hizi haikosekani katika taarifa za habari za jioni. Mama aliyeuawa mwanawe huisema. Mkulima aliyelipwa nusu ya alichotarajia kwa majani chai yake huisema. Mstaafu aliyezungushwa ofisi hii hadi ile akidai malipo yake ya uzeeni huisema pia: "Sisi tumemwachia Mungu." Kisha kamera hugeuzwa, mtangazaji hutia neno la mwisho, na habari nyingine huanza. Basi, imeisha hivyo.

Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote. Aliyefikwa na msiba ana haki ya kushika panaposhikika. Ninachotaka kukihakiki katika safu hii leo ni kauli yenyewe na kazi inayofanya. Mtu anaposema "namwachia Mungu", je, anakata rufaa katika mahakama ya juu zaidi, ama anafunga faili na kwenda zake nyumbani? Swali hili ukilipeleka kwa washairi wetu wa kale, watakujibu, na jibu lao si lile tulilozoea kusikia kwenye matanga.

Tuanze na maneno, maana kila neno lina safari yake. Jehanamu limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na chimbuko lake la mbali ni Kiebrania: bonde la Hinomu, lililo kando ya mji wa Yerusalemu. Ahera ni ile ya mwisho, inayofuata baada ya hii. Kiyama nalo linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusimama, kuinuka. Siku ya kiyama ni siku ya wafu kusimama. Mtaani, hata hivyo, ukiambiwa "leo utaona kiyama", jua ni kipigo kinakuja. Maana ya kusimama imepotea njiani, tumebaki na maana ya kuangamia. Msomaji alishike hilo, kwani tutalihitaji baadaye.

Neno lililo letu hasa ni kuzimu. Hili ni la Kibantu, ndugu wa mzimu na mizimu. Kuzimu ndiko walikokwenda wafu wote, wema kwa wabaya. Waliotafsiri Biblia waliona linafaa kubeba dhana ya makao ya wafu, ile Sheoli ya Waebrania na Hadesi ya Wagiriki, wakaliacha neno jehanamu libebe moto. Leo hii muulize kijana yeyote kuzimu ni wapi, atakuambia ni kwa Shetani. Yaani makao ya babu zetu tumeyatia moto bila hata kuwapigia hodi!

Marehemu Profesa John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika jamii nyingi za bara hili Mungu huadhibu maovu katika maisha haya haya. Hapakuwa na matarajio ya kesi nyingine baada ya kaburi. Aliyedhulumu angepatwa na mkosi, ugonjwa au aibu akiwa angali anatembea. Ndiposa sishangai kwamba Kiswahili, lugha iliyokulia kati ya imani hiyo ya kale na Uislamu, kina methali hii: Malipo ni hapa hapa duniani, ahera ni kwenda hesabu. Hebu itazame vizuri. Haikatai ahera. Inachofanya ni kugawa kazi. Deni linalipwa hapa hapa, na neno hilo limerudiwa makusudi. Kule ni kusomewa daftari tu.

Lakini lugha hiyo hiyo ina methali nyingine isiyo na huruma: Dua la kuku halimpati mwewe. Kuku ameomba, tena kwa machozi, na mwewe bado anazunguka angani. Aliyetunga methali hii aliona mengi. Alijua kwamba mnyonge akibaki na dua pekee, mwewe hana cha kuogopa. Kwa hivyo wanaodai kuwa "Waswahili tangu jadi ni watu wa kumwachia Mungu" wameokota nusu ya mkoba wa methali na kuiacha nusu nyingine pale chini.

Sasa twende Pate, kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi takriban miaka 200 iliyopita. Jina la utenzi huu lina maana ya kufunuka. Kila ubeti una mistari minne yenye mizani kumi kumi, na mstari wa nne hufunga kwa kina kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, kama mlango unaogongwa mara kwa mara. Wanafunzi wengi wanaukumbuka kwa picha za magofu. Majumba yaliyokuwa yaking'aa taa usiku kucha sasa yana popo. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kauri vimekuwa viota vya ndege. Waungwana waliolala kwa kupepewa wamelazwa mchangani, na wadudu wanawala. Ni picha kali, na ni sawa zikikumbukwa.

Ninachosikitikia ni kuwa tukifika kwenye beti za mwisho, zinazotaja kiyama na mioto yake kwa majina yanayojulikana katika Kurani, tunazisoma haraka haraka kama mahubiri ya kawaida, au hatuzisomi kabisa. Hapo tunapitwa na mambo mawili makubwa.

La kwanza ni: moto huo anatishwa nani? Katika utenzi mzima mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe. Ni yeye na moyo wake, hakuna mtu wa tatu. Anauuliza unashughulika na nini, kwa nini umeshikwa na dunia ambayo ni kama kisima kisicho na ukingo, chenye fahali anayempiga pembe kila anayekaribia kunywa. Hata anapotaja watu kwa majina, akiuliza wako wapi leo, miongoni mwao wamo jamaa zake wa karibu. Hamtumi jirani motoni. Hawatumi motoni mahasimu wa Pate, na mji ule ulikuwa na mahasimu si haba, Lamu wakiwemo. Angeweza kuujaza ukurasa kwa majina ya maadui. Badala yake anamaliza kwa kuutia hofu moyo wake.

Linganisha na sisi. Nimehudhuria mazishi ambako mhubiri alisema wazi, watoto wa marehemu wakisikia, kwamba mzee wao yuko motoni kwa kuwa eti hakuwahi kuokoka. Wakati huo huo, jamaa ambaye kijiji kizima kilijua alikula pesa za kikundi cha akina mama alikuwa ameketi kiti cha mbele, chini ya hema, akisubiri kupewa kipaza sauti. Moto ulikuwapo siku hiyo, ila ulielekezwa kwa asiyeweza kujibu.

Mtindo huu wa kuuelekeza moto kwa mnyonge haukuanza jana. Katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anataja radhi tano ambazo binadamu anazihitaji: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Halafu anafika mbali zaidi. Anamwambia bintiye kwamba siku ya kufufuliwa, mume ndiye atakayeulizwa. Akitaka mkewe aende peponi, ataenda; akisema atiwe motoni, hana budi kutiwa. Najua wapo wahakiki wanaomsoma Mwana Kupona kama mama mwerevu anayempa binti mbinu za kuishi katika nyumba ya mtu, na mimi sipingi werevu wake. Lakini soma beti zile kwa makini. Hakimu amebadilika. Aliyekaa kwenye kiti cha hukumu si Mungu tena, ni bwana wa nyumba. Kati ya Al-Inkishafi na utendi huu tunaona jinsi jehanamu moja inavyoweza kufanya kazi mbili: kumzindua mtu nafsi yake, au kumfunga mwenzake mdomo.

Jambo la pili tunalopitwa nalo katika Al-Inkishafi ni namna kesi yenyewe inavyoendeshwa. Sayyid Abdalla anatuonyesha siku ambayo madhulumu, yaani aliyeonewa, anasimama mbele ya Mola pamoja na aliyemdhulumu na kudai haki yake. Anasema kwa kinywa chake: nihukumie na huyu. Kiyama ni kusimama, nasi tulisema hivyo hapo juu. Hapa aliyesimama ni mlalamishi. Mungu wa Sayyid Abdalla anajua kila kitu, lakini hata mbele yake mwenye kuonewa anapewa nafasi ya kusema.

Kisha yanakuja malipo. Hayalipwi kwa dhahabu wala fedha, kwa maana huko hazipokelewi. Dhalimu anapokonywa thawabu zake na kupewa aliyemdhulumu. Na kama amefilisika, hana thawabu iliyobaki, basi dhambi za aliyedhulumiwa zinafungwa mzigo, anatwikwa, anaambiwa beba. Wanaojua hadithi za Mtume wataona mara moja kwamba huu ni mwangwi wa ile hadithi mashuhuri ya muflisi: mtu anayekuja siku hiyo na sala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alikula mali yake, na mwingine alimpiga. Ibada zake zote zinagawanywa kwa wadai wake mpaka anabaki mikono mitupu.

Tazama lugha inayotumika: deni, kufilisika, mzigo, malipo. Ni lugha ya bandarini na sokoni, lugha ambayo mfanyabiashara wa Pate aliielewa vizuri kabisa. Na somo lake ni zito kwa Kenya ya leo. Dhuluma dhidi ya binadamu haifutwi kwa ibada. Huwezi kula cha watu Jumatatu hadi Jumamosi kisha Jumapili ukatoa bahasha nono na kuhesabu kwamba mambo yamelingana. Novemba 2024, Jimbo Kuu la Kanisa Katoliki la Nairobi lilitangaza kurejesha michango ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, likitaja haja ya kulinda kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Sisemi chochote kuhusu pesa zile zilitoka wapi. Ninachosema ni kwamba mjadala uliozuka nchini kuhusu sadaka na maadili uliwashangaza wengi kana kwamba ni jambo jipya. Sayyid Abdalla alikuwa ameshaugusa, kwa mizani kumi kumi.

Wapo watakaosema: lakini woga wa jehanamu ndio unaozuia watu kuiba, usituharibie. Ningekubali kama ungekuwa unawazuia. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona tatizo hili akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, alipoandika kwenye karatasi za chooni riwaya ambayo Kiswahili chake kilitoka mwaka 1982 kama Shetani Msalabani. Katika ndoto ya Warĩĩnga, umati wa watu waliovaa matambara unamsulubisha Shetani. Hukumu imetolewa, kazi imekwisha, watu wanaondoka. Siku ya tatu wanakuja mabwana waliovaa suti na tai, wanamteremsha msalabani, wanapiga magoti na kumwomba awagawie hila zake. Mabwana hao hawaogopi moto, kwa sababu mwenye moto ni rafiki yao. Na waliomsulubisha walikosea pale walipodhani kwamba hukumu ikishatolewa inajilinda yenyewe.

Ukiziweka kazi hizi pamoja, kauli "tumemwachia Mungu" inaanza kuonekana tofauti. Wahenga wa methali waligawa kazi: malipo hapa, hesabu kule. Mshairi wa Pate alimtaka kila mtu aanze kesi kwa nafsi yake, na akampa aliyeonewa sauti hata mbele ya kiti cha enzi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshauri kwamba mnyonge akae kitako, anyamaze, asubiri. Ushauri huo umetoka kwingine, na ukichunguza sana utaona aghalabu unatolewa na yule aliyekwisha kushiba.

Kwa hivyo mimi simwombi mama yule aliyefiwa na mwanawe aache kumwita Mungu. Amwite, tena kwa sauti. Ila waandishi wa habari wanaomnukuu wasiishie hapo. Wamuulize swali la pili: kesi iko mahakama gani, faili ina nambari gani, askari aliyepewa uchunguzi ni nani? Walimu nao wakifundisha Al-Inkishafi wasikomee kwenye popo na magofu. Wafike mpaka pale madhulumu anaposimama. Na wahubiri, kabla ya kumtuma maiti motoni, watupe jicho kidogo kwenye viti vya mbele, kisha wajitazame na wao, kwa maana ndiko Sayyid Abdalla alikoanzia.