Takriri Ndani ya Kasiba: Usomaji wa Gobori Lenye Mifuo

Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kwa kuvuta kamba ya hariri. Kamba ilifungwa kwenye kifyatulio cha bunduki ya Joseph Whitworth, na bunduki yenyewe ilikazwa juu ya kiegemeo cha chuma, ikaelekezwa kwenye shabaha iliyokuwa yadi 400 mbele, yaani mita 366 hivi. Risasi ilipiga karibu sana na kitovu. Wasimulizi wa tukio hili huvutiwa na Malkia. Mimi huvutiwa na bunduki, kwa sababu ilikuwa imeshindiliwa kupitia mdomoni, kwa baruti nyeusi na mdeki, kama gobori lolote, na kwa sababu kamba ilipovutwa hapakuwa na jambo lililobaki la kuamuliwa. Mvutaji hakulenga, hakuzuia pumzi, wala bega lake halikugusa kitako. Mlio ule ulikuwa usomaji wa sauti wa matini iliyokwisha kuandikwa.

Dai langu ni kwamba usahihi wa gobori lenye mifuo, yaani michirizi ya msokoto iliyochongwa ndani ya mtutu, ni suala la utunzi kabla ya kuwa suala la kulenga. Bunduki za siku hizi hupokea risasi iliyokamilishwa kiwandani, na mpigaji huwa msomaji tu wa kazi ya mtu mwingine. Gobori halina anasa hiyo. Kila mara baruti hupimwa upya, kitambaa hupakwa mafuta upya, tufe la risasi husukumwa kwa mkono hadi chini, na tofauti ndogo iliyoingia katika hatua yoyote huja kusomeka kwenye karatasi ya shabaha. Kwa hiyo kipashio cha uchambuzi hakiwezi kuwa risasi moja. Tundu moja katikati ya shabaha halitwambii lolote kuhusu ustadi, kwa kuwa bahati nayo hupita hapo hapo; matundu matano yaliyokaribiana, hata yakiwa yote chini kushoto, ni kauli kamili inayosubiri tu kusogezwa. Katika shairi takriri ni mbinu mojawapo miongoni mwa nyingi, na mshairi anaweza kuiacha asipungukiwe. Kwa mpigaji gobori, takriri ndiyo fani yenyewe.

Muundo wa ndani unaotawala mengine yote ni mifuo. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu chake cha kanuni mpya za upigaji wa mizinga, na katika majaribio ya miaka iliyofuata alifanya jambo lenye uzuri wa hoja iliyojengwa vyema: aliupinda mtutu wa bunduki ya kasiba laini, isiyo na mifuo, uelekee kushoto, akapiga kupitia mapazia ya karatasi nyembamba yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Risasi ilitoka ikielekea kushoto, kama alivyotarajia, kisha ikajipinda hewani kuelekea kulia. Ilikuwa imebiringika kwenye ukuta wa mtutu ikatoka inazunguka, na mzunguko huo ndio uliopotosha njia yake. Katika kasiba laini mzunguko wa namna hiyo hauna mwandishi. Kila risasi hutoka na mhimili wake, kulingana na mahali ilipogusa mwisho. Mifuo hufuta uholela huo. Huipa kila risasi mhimili ule ule, ulio sambamba na mwelekeo wa safari yake. (Magobori mengi yaliyopitia Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, pamoja na yale ambayo mafundi wa vijijini wangali wanayaunda, ni ya kasiba laini. Yalikusudiwa marisaa na umbali mfupi, na kuyahukumu kwa kipimo cha makala haya ni kumwonea fundi.)

Msokoto wa mifuo uwe mkali kiasi gani? Hapa pana uamuzi wa kifani ambao wageni wa sanaa hii huupuuza. Mafundi wenye asili ya Kijerumani waliounda bunduki ndefu za Pennsylvania katika karne ya 18, hasa pande za Lancaster, walilitumikia tufe, na tufe ni umbo fupi lisilohitaji mzunguko mwingi ili litulie. Kasiba nyingi za tufe huwa na mzunguko mmoja kamili katika inchi 48, nyingine katika inchi 66 au zaidi. Ezekiel Baker, ambaye bunduki yake ilipokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1800, alitosheka na robo ya mzunguko katika kasiba ya inchi 30. Whitworth, mwenye risasi ndefu ya pembe sita, alihitaji mzunguko mmoja kila inchi 20. Anayetia tufe na baruti nyingi katika kasiba ya msokoto mkali huona matundu yake yakitawanyika, kwa sababu kitambaa hushindwa kuishika mifuo, na risasi huteleza juu yake bila kuzunguka ipasavyo. Jicho la mpigaji halina hatia hapo. Maudhui yamewekwa katika umbo lisiloyafaa.

Hesabu ya tufe na kitambaa inastahili kufuatwa polepole. Chukua kasiba ya inchi 0.50, yaani milimita 12.7. Tufe linalotumika sana humo lina kipenyo cha milimita 12.45 na uzito wa gramu 11.5 hivi. Ukilidondosha peke yake litateremka bila kizuizi, maana lina robo milimita ya nafasi. Sasa lifunike kwa kitambaa cha pamba chenye unene wa milimita 0.38. Kitambaa kiko pande zote mbili za tufe, kwa hiyo kipenyo kinafika milimita 13.2, nusu milimita zaidi ya mdomo unaokipokea. Ziada hiyo ndiyo siri ya muundo huu. Madini ya risasi ni laini, hasa yasipochanganywa na madini mengine, na pamba hubanika. Kinachobanwa hukimbilia kwenye mifuo na kuijaza. Chuma cha kasiba na tufe havigusani kabisa. Kinacholizungusha tufe ni kitambaa, kinachozuia moto usilipite ni kitambaa, na kinacholiwezesha kuteremka bila kugongwagongwa ni mafuta yaliyomo katika kitambaa hicho hicho. Kisha, hatua chache baada ya mdomo, kitambaa hujitenga na kuanguka.

Kinaangukia hatua kumi au kumi na tano mbele ya mpigaji, na hapo ndipo ilipo hati yenye thamani kuliko zote uwanjani. Nashangaa ni wangapi huiachia mchwa. Upigaji ukisimamishwa na uwanja ukiwa salama, kiokote, ukinyooshe juu ya kiganja. Kama kilifanya kazi yake, katikati utaona duara la kijivu, pale tufe lilipokaa, likiwa limekolea rangi lakini halijatoboka. Kulizunguka kuna pete yenye mistari iliyopishana kwa nafasi sawa, alama za mifuo zilizochapwa kwa masizi. Pindo la nje limechanika na kuungua kidogo, nalo halina neno. Duara la katikati likiwa limeungua hadi kutoboka, moto umepita: kitambaa ni chembamba mno, au mafuta ni haba, au baruti imezidi. Kikiwa kimekatwa pale kwenye pete, kwa mikato safi, lawama ni ya kingo kali za mifuo au ya mdomo wa kasiba, jambo la kawaida kwa kasiba mpya ambayo bado haijalainishwa na matumizi. Pete ikiwa imekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, tufe halikukaa katikati.

Ubora wa ushahidi huu unatokana na mipaka yake. Karatasi ya shabaha huchanganya sauti nyingi: upepo, mwanga, pumzi, kidole, uchovu wa jicho, pamoja na yote yaliyotendeka ndani ya kasiba. Kitambaa kinajua yaliyotendeka ndani tu. Mpigaji aliyevikagua vitambaa vyake na kuviona vizima, vinavyofanana kimoja kwa kingine, ana haki ya kuanza kujichunguza yeye mwenyewe. Aliyeruka hatua hiyo na kukimbilia kununua kilengeo kipya anahariri kichwa cha habari na kuyaacha makosa ndani ya aya.

Baruti nayo ina sarufi yake. Ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10, nayo hupimwa kwa ujazo wa kikombe kidogo cha shaba. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi inapoungua. Hubaki kuwa yabisi, sehemu ikitoka kama moshi na sehemu ikigandamana ndani ya kasiba. Maana yake ni kwamba kila risasi huibadilisha kasiba itakayopokea risasi inayofuata. Siku ya unyevu masizi hulainika, siku kavu huwa magumu kama gamba, na tufe la tano husukumwa kwa jasho ambalo tufe la kwanza halikulijua. Wapo wanaopangusa kasiba baada ya kila risasi kadhaa. Mimi ni wa kundi linalopangusa kila mara, kitambaa kimoja chenye unyevu na kingine kikavu, kwa idadi ile ile ya mipapaso, kwa sababu takriri haiwezekani juu ya ukurasa unaobadilika.

Kiasi cha baruti hutafutwa kwa subira. Anza chini, ndani ya mipaka iliyotolewa na mtengenezaji wa bunduki, piga tano, ongeza theluthi ya gramu, piga tano nyingine, usimame pale matundu yanapobanana zaidi. Mara nyingi pahali hapo huwa chini ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na hilo huwaudhi wapenda kishindo. Baruti imwagwe kutoka kwenye kipimio, kamwe isimwagwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe, kwani cheche iliyojificha ndani ya kasiba inaweza kuilipua pembe nzima mkononi. Tufe nalo lishuke hadi liikalie baruti. Nafasi ikibaki kati yao, kasiba inaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana wenye nidhamu huchonga alama kwenye mdeki, usawa wa mdomo, inayoonyesha kwamba tufe limefika. Alama hiyo moja hulinda maisha na usahihi kwa wakati mmoja, kwa sababu baruti iliyoshindiliwa kwa nguvu tofauti huungua kwa namna tofauti.

Kuna maelezo mengine ambayo msomaji wa haraka atayaona ya kupitiliza. Tufe lililotoka kwenye kalibu hubaki na kikonyo kidogo pale madini yalipomiminiwa. Wapigaji makini hukielekeza juu, katikati ya mdomo, kila mara. Kikonyo si dosari kubwa. Dosari ni kukiacha kiwe juu leo na ubavuni kesho.

Kisha moto. Katika gumegume, jiwe hukwaruza chuma, cheche huangukia baruti laini iliyo kwenye kisahani, mwako huingia kupitia tundu dogo la ubavuni, ndipo baruti iliyo ndani ishike. Fataki (kilipuzi kidogo kinachowaka kikigongwa), iliyoenea baada ya ugunduzi ambao kasisi wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliupatia hataza mwaka 1807, ilifupisha mlolongo huo lakini haikuufuta. Kati ya kidole na mlio kuna upenyo wa muda ambao sikio lililozoea gumegume huusikia, na ndani yake mwili hupata nafasi ya kusaliti kazi nzuri: bega hujikunja, jicho hufumba, kichwa huinuka kutazama tundu. Dawa inayofundishwa ni kuendelea kulenga baada ya kufyatua, jicho likiwa kwenye kilengeo cha mbele, mpaka moshi ukifiche. Hapa tu ndipo mwandishi na msomaji wa risasi wanapokutana katika mtu mmoja.

Vilengeo vyenyewe havinichukulii muda. Kundi likiwa limebanana, cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, na cha mbele hupigwa tupa kidogo kidogo ili risasi zipande. Tupa ndiyo kazi ya mwisho, maana chuma kilichokwisha kusagwa hakirudi.

Na mtunzi bora bado anaweza kukosea anwani. Mwezi Septemba 1874, huko Creedmoor karibu na New York, timu ya Ireland ilitumia bunduki za Rigby zinazoshindiliwa kwa mdomo dhidi ya Wamarekani wenye bunduki za kutilia risasi nyuma, kwa masafa ya yadi 800, 900 na 1,000. Mwairishi J. K. Milner alipiga katikati kabisa ya shabaha, ila shabaha ilikuwa ya jirani. Ireland ilishindwa kwa alama 931 dhidi ya 934, na alama nne za risasi hiyo moja zingetosha kuipa ushindi. Kifani risasi ile haina kasoro. Wanaotumia matokeo ya siku ile kuthibitisha kwamba gobori lilikuwa limepitwa na wakati wameihesabu alama bila kuisoma.

Kamati ya kimataifa ya mashindano ya magobori, MLAIC, humpa mshindani nusu saa kupiga risasi 13, na huhesabu 10 bora. Hiyo ni dakika mbili na kidogo kwa kila risasi, na sehemu kubwa ya dakika hizo bunduki huwa imesimama wima, kitako kikiwa chini na mikono ya mpigaji ikiwa mdomoni mwa kasiba.