Njia ya Kuendea Maji: Uchambuzi wa Mpango wa Ardhi wa Delta ya Tana

Mto Tana, baada ya kusafiri mwendo wa takriban kilomita elfu moja kutoka milima ya bara, ukifika Garsen hutawanyika mikono mingi, ukazaa maziwa, vinamasi, misitu na malisho ambayo kila jirani ana haja nayo: Mpokomo hulima ukingoni mpunga, mahindi na ndizi; Muorma na Mwardei huteremsha ng'ombe wao wakati wa kiangazi, mabwawa ya nyikani yanapokauka; na wavuvi huvua kambare na kamongo katika maziwa yaliyoachwa na mafuriko. Neema hiyo ni taabu kuigawa, kwa kuwa maji yenyewe huhama, na palipo malisho leo huenda pakawa ziwa masika yajayo.

Njia mbili zilijaribiwa zamani, na zote mbili zilikosa insafu. Ya kwanza ilikuwa kufunga mlango: mwaka 1976 ilitangazwa hifadhi ya kuwalinda mbega mwekundu wa Tana na kima mwingine asiyepatikana penginepo duniani, makusudi mema kabisa, lakini mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba wenyeji hawakushauriwa ipasavyo. Ya pili ilikuwa kumkabidhi mmoja ufunguo: mwaka 2008 serikali iliidhinisha mradi wa miwa wa mamlaka ya bonde la Tana na Athi (TARDA) pamoja na kampuni ya sukari ya Mumias, uliokusudiwa kuchukua takriban hekta 20,000 za delta, kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu.

Wenyeji walikwenda mahakamani. Tarehe 4 Februari 2013, miezi michache baada ya mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyoua zaidi ya watu mia moja, Jaji Mumbi Ngugi aliamuru upatikane mpango wa matumizi ya ardhi utakaotungwa kwa kuwashirikisha wakaazi wenyewe. Mwaka 2012 delta ilikuwa imekwisha kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Lakini orodha ya kimataifa haimwambii mchungaji apitishe wapi mifugo yake.

Ama jinsi kazi ya kuutunga mpango huo ilivyofanywa, hapo ndipo penye somo. Wataalamu wa serikali, maofisa wa kaunti za Tana River na Lamu, na shirika la Nature Kenya hawakuanza na ramani iliyokwisha kuchorwa; walianza vijijini, zikaundwa kamati za vijiji za maliasili na ardhi, na watu wakaulizwa wanatumia nini, wapi, na msimu gani. Kisha zikapimwa hali tatu za siku zijazo: mambo kuendelea kama yalivyo, mashamba makubwa ya biashara kutawala, au ukulima, ufugaji, uvuvi na hifadhi kukaa pamoja kwa kipimo cha maji yaliyopo. Ikachaguliwa hiyo ya tatu, na mpango ukazinduliwa mwaka 2015.

Kwa rai yangu, kitu bora kuliko vyote katika kazi hiyo ni kutambuliwa kwa malka. Malka ni njia pana itokayo malishoni, ikapita baina ya mashamba, ikaishia mahali ambapo ukingo wa mto umelala mteremko mpole, udongo umesagwa na kwato tangu enzi za mababu, hata ng'ombe mwenye ndama hushuka, akanywa, akapanda bila kuteleza. Mkulima akiongeza tuta moja ndani ya njia hiyo, mahindi yake yataliwa bila shaka. Na kwa mahindi hayo hutoka neno, neno likazaa fimbo, na fimbo mkuki. Zamani wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, waliafikiana mifugo ishuke lini na ipite wapi. Ramani ya mpango ilichukua maafikiano yaliyokuwa vifuani mwa wazee, ikayapa sura ambayo hakimu na mpima ardhi wanaweza kuisoma.

Lakini mstari wa karatasi hauna macho wala mikono. Malka hudumu kwa mambo matatu: upana unaojulikana, majira yanayoafikiwa, na watu wa pande zote mbili wanaoitwa upesi mara tuta linaposogea. Kamati zisipokutana kwa kukosa nauli na posho, la tatu hufa, na mengine hulifuata. Tena liko jambo ambalo kijiji hakiliwezi: mabwawa matano ya umeme, tangu Kindaruma ya mwaka 1968 hadi Kiambere ya 1988, yamebadili mwendo wa mafuriko yanayolisha maziwa na mpunga, na ufunguo wake hauko Garsen.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imetoa nafasi ya kuziandikisha njia hizi kuwa mali ya jamii. Naiomba serikali ya kaunti na wazee wa pande zote watembee pamoja katika kila malka, waiwekee mawe ya mpaka na kuiandikisha, na wafanye hivyo wakati nyika bado ina majani, kabla ng'ombe hawajaanza kushuka.