Mizani ya Fundi wa Kolekole

Kolekole mkubwa, ambaye wataalamu wa samaki humwita Caranx ignobilis na ambaye katika pwani ya Kenya hujulikana pia kwa jina la karambisi, ni samaki wa miamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki anayeweza kufikia uzito wa kilo 80, na kwa sababu hiyo wengi wanaomvua kwa mchezo wamezoea kupimana ufundi kwa kilo. Rekodi ya dunia ya uvuvi wa ndoana, kilo 72.8, iliyowekwa mwaka 2006 huko Tokara nchini Japani, haikosi kutajwa katika mazungumzo yao. Hata hivyo kilo ni sifa ya samaki, nazo humweleza mvuvi kidogo sana, kwani hata mgeni aliyeshika ufito wa kuvulia kwa mara ya kwanza anaweza kunasa jitu akiwa katika chombo cha nahodha hodari. Fundi hutambulikana kwa ishara nyingine, na nyingi kati ya hizo huonekana hata siku ambayo samaki wamegoma kula.

Uchunguzi huanzia kwenye fundo. Mshipi mkuu unaotumika leo husukwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki, nao ingawa una nguvu ya kustahimili kilo 36 hadi 45, hukatika upesi ukisugua mwamba. Kwa hiyo mbele yake huungwa kipande cha nailoni nene, ambacho hapa kitaitwa kitangulizi. Kiungo kinachoaminiwa zaidi ni kile kiitwacho FG, ambacho kwa hakika ni msuko kuliko fundo, kwa kuwa uzi wa kusukwa huzungushwa huku na huko juu ya nailoni mara 20 au zaidi hadi uing'ate, na nailoni yenyewe haikunjwi hata kidogo. Msuko mzuri ni mwembamba, umelala sawasawa, na rangi ya uzi imekolea pale ulipokazwa. Msuko mbaya hujitangaza kwa sikio, maana kila chambo kinaporushwa husikika ukigonga pete za ufito. Baada ya fundo hufuata breki ya rili, yaani nguvu inayozuia mshipi usitoke ovyo katika kifaa cha kuukunjia. Asiyejua huvuta mshipi kwa mkono, akatikisa kichwa, akaridhika. Fundi hufunga ncha ya mshipi kwenye mzani wa kuning'iniza, huuinamisha ufito kama atakavyouinamisha vitani, huvuta hadi breki iachie, kisha husoma kilo, ambazo kwa kawaida hazizidi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kama kilo 15 kwa mshipi wa kilo 45. Hapa ndipo mzani unapostahili heshima katika uvuvi huu, kwa sababu unampima mvuvi kabla samaki hajampima.

Jambo linalofuata ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote, nalo ni kazi ya chambo juu ya maji. Popa ni chambo cha bandia cha mti au plastiki, chenye uso uliokombwa kama kikombe, na lengo lake si kufanana na samaki kwa sura bali kutoa mshindo na povu kama la samaki anayekula au anayekimbizwa. Mlio ulio bora ni mzito na wa chini, kama wa ndoo inayozamishwa kinywa kikiwa chini, na nyuma yake hubaki mkia wa povu jeupe unaochukua muda kufifia. Mlio duni ni mwembamba, wa kuchapa, unaoambatana na maji kuruka juu na popa yenyewe kubiruka hewani. Tofauti hiyo hutokana na sababu ndogondogo zinazoweza kuonwa: fundi huishusha ncha ya ufito karibu na maji, hungoja popa ikae mgongoni mwa wimbi badala ya kuning'inia kileleni, hukunja kwanza mshipi uliolegea, ndipo avute kwa kiuno na miguu, mikono ikiwa ni ya kuongoza tu. Kisha hunyamaza. Kituo hicho cha sekunde moja, mbili, pengine tatu, ndicho kinachomtenganisha na mwanagenzi, ambaye hukiogopa kimya na kukijaza kwa mivuto isiyo na maana, ilhali mara nyingi kolekole aliyekuwa akifuata kwa mashaka huamua kupiga pale windo linapoonekana kuchoka. Anayetaka kumpima mvuvi kwa haki asimsikilize katika mrusho wa kwanza, kwani popa ya gramu 150 haimchoshi mtu mara moja. Amsikilize katika saa ya pili, jua likiwa utosini, aone kama mlio ni uleule.

Kuhusu stikibeti, yaani chambo kirefu kisicho na kikombe usoni, inatosha kusema kwamba uzuri wake ni wa kimyakimya: huzama kidogo kinapovutwa, huyumba kulia na kushoto, kisha huibuka taratibu, na kikichana uso wa maji basi mvutaji ana pupa.

Ufundi wa mkono hauna faida bila ufundi wa kusoma bahari, na katika hili wavuvi wa mshipi wa mwambao hawahitaji kufundishwa na mtu, kwa kuwa wamejua tangu zamani kwamba kolekole huvizia pale mkondo unapougonga mwamba na kuwachanganya dagaa. Pembezoni mwa Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu kusini mashariki mwa Unguja, kama ilivyo katika visiwa vya Hallaniyat nchini Oman, mvuvi hodari hurusha chambo ndani ya maji meupe yanayovunjika juu ya mwamba na kukileta kuelekea kilindini, ili kivuke ukingo ambapo samaki amejibanza; anayerusha sambamba na povu kwa sababu tu huko ndiko upepo unakompeleka hutumia nguvu bure. Mtu asidhani kwamba samaki huyu hula kwa kubahatisha. Katika atoli ya Farquhar, Shelisheli, wapiga picha wa mfululizo wa Blue Planet II ulioonyeshwa mwaka 2017 walinasa kolekole wakiruka nje ya maji na kuwakamata ndege wachanga waliokuwa wakijifunza kuruka, jambo linaloonyesha kiumbe anayetazama juu na kukisia mwendo wa windo lake.

Chambo kinapopigwa, kosa linaloonekana mara nyingi ni mvuvi kustushwa na mfumuko wa maji, akauvuta ufito mara moja na kukiondoa chambo mdomoni mwa samaki. Fundi huendelea na kazi yake mpaka uzito uje mkononi, ndipo avute kwa ukali mara mbili au tatu. Sekunde 10 zinazofuata ndizo zinazoamua, kwa kuwa samaki huelekea moja kwa moja mwambani, na kumwachia mshipi wakati huo ni kumkabidhi kisu. Wakati huohuo nahodha mwelewa huanza kukiondoa chombo polepole kuelekea maji marefu. Ufito ulioinuliwa hadi kuelekea mbinguni hupendeza katika picha, lakini hupoteza nguvu na huweza kuvunjika, kwa hiyo pembe yake ni alama ya kutazamwa kwa makini. Pambano fupi lisilo na kelele lina thamani kuliko la nusu saa, ambalo humchosha samaki kiasi cha kuwa chakula cha papa anaporudishwa.

Kuhusu kumrudisha, desturi inayoshika kasi ni kutumia ndoana moja moja zilizobanwa kile kijino cha nyuma, ili zitoke bila kuchana. Samaki hunyanyuliwa kwa mikono iliyoloa, mmoja shinani mwa mkia, palipo na magamba makali yanayoweza kumkata asiyezoea, na mwingine chini ya tumbo; hupimwa urefu kutoka puani hadi panapogawanyika mkia, kisha hushikwa akiukabili mkondo mpaka ajikwamue mwenyewe. Kumning'iniza kwa matamvua ili apigwe picha au kupimwa uzito humuumiza, na huwaambia watazamaji yote kuhusu mshikaji.

Watazamaji wengi huondoa macho yao samaki anapozama, ilhali fundi bado ana kazi. Hupitisha ukucha juu ya kitangulizi, kuanzia kwenye chambo hadi kwenye msuko, akisikiliza kwa kidole kama afanyavyo mvuvi wa mshipi wa mkono, na popote ukucha unapokwama, hata kama jicho halioni kitu, hukata na kuanza kufunga upya, wenzake wakiendelea kurusha.