Vidole Kwanza, Chanuo Baadaye

Kichwa cha mtoto chotara mara nyingi hubeba nywele za namna mbili au tatu kwa pamoja. Kisogoni huweza kuwa laini, karibu na singa. Utosini hujiviringa kwa mizunguko mipana, na kwenye panja huwa kipilipili kilichokazana. Anayezichana zote kwa nguvu moja atamliza mtoto. Kwa sababu hiyo shangazi yangu, msusi wa siku nyingi mjini Tanga, huanza na vidole. Huvipitisha taratibu kichwani, akashika unywele mmoja, akaunyoosha, kisha akauachia aone unarudi upesi kiasi gani. Chanuo bado liko mkekani.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wa jirani. Mama yake Msambaa, baba yake Mjerumani. Alipozaliwa nywele zake zilikuwa zimelala, na ndugu wakadhani zitabaki hivyo. Baada ya miezi michache zikaanza kujikunja, kama zifanyavyo za watoto wengi.

Umbo la unywele huamuliwa ndani ya ngozi, kwenye kishimo unamoota. Kishimo kikipinda, unywele nao hutoka ukijikunja. Mafuta ya asili ya kichwani hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye mizunguko hukwama njiani na ncha zikabaki kavu. Ncha kavu zikikwaruzana hushikana, na mafundo huanzia huko. Shangazi hajawahi kusomeshwa haya darasani, ila kila afanyalo linaafikiana nayo. Sabuni huisugua kwenye ngozi ya kichwa tu. Ncha husafishwa na povu linaloteremka. Huosha mara moja kwa wiki, na katikati ya wiki hunyunyiza maji tu.

Kuchana ndiyo sehemu ninayoweza kuitazama asubuhi nzima. Nywele zikiwa zimelowa na kondishena imeenea, huzigawa mafungu manne na kuyabana matatu. Fungu lililobaki hulianzia nchani, akapanda kidogo, akarudi nchani, akapanda tena, mfano wa mvuvi anayekunjua wavu ulioshikana. Maji hulegeza vifungo vidogo vya haidrojeni ndani ya unywele, ukanyumbuka. Lakini unywele uliolowa pia ni dhaifu, na ukivutwa kwa pupa hukatika. Akikuta fundo, huweka chanuo chini. Mkono wa kushoto hubana nywele juu ya fundo, baina yake na ngozi, ili mvuto wote uishie kwenye vidole vyake yeye. Mkono wa kulia hufungua fundo unywele kwa unywele. Mtoto hahisi kitu. Huendelea kula embe lake na kuuliza, "Bibi, tumefika wapi?" Naye hujibu, "Tumefika kisogoni, mjukuu wangu. Inamisha kichwa."

Mkono ule wa kushoto, kwangu mimi, ndio ufundi wenyewe. Wengi wanajua kusuka mistari iliyonyooka. Wachache wanajua kuyabeba maumivu ya mtoto vidoleni mwao kabla hayajamfikia.

Maji huyakausha kwa fulana kuukuu ya pamba, akizibonyeza nywele bila kuzifikicha. Kisha hupaka mafuta ya nazi, ambayo bado huyapika mwenyewe kwa kuchemsha tui mpaka mafuta yajitenge. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini ya nywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini hayakuliweza. Nilimsomea habari hiyo. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kupaka.

Katika kusuka, kila upande hupata mkono wake. Nywele za kisogoni huteleza, kwa hiyo huzisuka zikiwa bado na unyevu na kukaza kidogo. Za utosini huzisokota mbili mbili. Kwenye panja hulegeza, maana nywele za hapo ni changa, na zikivutwa siku zote hung'oka na kuacha upara ambao pengine hautaota nywele tena. Nyusi za mtoto zikiinuka, msuko hufumuliwa palepale.

Wapo wanaopita barazani na kusema mtoto huyu kajaliwa "nywele nzuri" zisizo na kazi. Hunikera, kwa sababu binamu yake mwenye kipilipili tupu huwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake, na anasikia. Shangazi humkalisha kwenye kigoda kilekile na kumpa muda uleule. Kuna waliowahi kumshauri mama wa mtoto aweke dawa ili nywele zilingane. Dawa kali ya kunyoosha huvunja vifungo vya salfa ndani ya unywele, na kilichovunjwa hakirudi. Itabidi kungoja nywele mpya, ambazo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Ngozi ya mtoto nayo huungua upesi. Shangazi alikataa, na mama akamwelewa.

Anayejifunza sasa ni baba. Huja na mtoto, huamkia, huketi mkekani na kuombwa ashike fungu moja. Mwanzoni alikuwa akishika chini ya fundo. "Juu yake, mwanangu, juu yake," shangazi alimwambia, akamsogezea vidole. Siku hizi huosha na kugawa mafungu bila kuelekezwa, na usiku humvalisha mtoto kofia ya satini, maana foronya ya pamba hunyonya unyevu. Mistari yake bado inapinda. Kisogo ameshakabidhiwa, na nusu ya utosi. Sehemu ya panja bado hajaruhusiwa kuigusa.