Kamba ya Kowalski

Mara ya kwanza kuona Gravity nililia. Mara ya pili niliitazama kwa laptopu na binamu yangu anayesomea fizikia, na pale nilipolia, yeye alicheka.

Unaijua hiyo sehemu. Ryan Stone (Sandra Bullock) amenaswa mguu na kamba za parashuti nje ya kituo cha anga. Mkononi ameshika kamba ya mwenzake, Matt Kowalski (George Clooney). Kowalski anajifungua, anaelea gizani, anakufa ili Stone aishi.

"Nani anamvuta?" binamu akauliza.

Nikamwambia, si graviti.

"Zii bana. Kituo na hao wawili wote wanazunguka dunia pamoja. Kamba ikishawasimamisha, imewasimamisha. Amvute kidogo tu, jamaa anarudi."

Wapo wanaotetea, ati kamba zilikuwa bado zinateleza. Sawa. Lakini tunachoonyeshwa ni mtu anayening'inia kama yuko kwenye jabali, na jabali lenyewe halipo.

Sisemi ni filamu mbovu. Alfonso Cuarón aliitoa 2013 ikabeba Oscar 7, na ilizistahili. Bullock aliwekwa ndani ya kisanduku kilichozungukwa na taa za LED, ili mwanga wa jua na wa dunia ucheze usoni mwake vile ungecheza kule juu. Vyombo vinapasuka bila mlio, maana sauti haina hewa ya kusafiria, na ukimya huo unatisha kuliko mlipuko wowote. Hata ile safari ya kutoka Hubble hadi kituo cha ISS, ambavyo haviko kimo kimoja wala njia moja, naikubali. Hiyo ni nauli ya kuingia kwenye hadithi.

Kifo cha Kowalski ndicho kinanikera. Kosa likiwa pembeni, sina shida nalo. Hili limebebeshwa machozi yangu.

Sasa chukua Interstellar ya Christopher Nolan, ya 2014. Mwanafizikia Kip Thorne, aliyekuja kupata Nobel 2017, alitoa milinganyo, na mafundi wa efekti wakaigeuza kuwa picha ya shimo jeusi. Hata hao walichakachua kidogo: upande mmoja wa pete ile ya mwanga ulipaswa kung'aa kuliko mwingine, wakausawazisha ili mtazamaji asichanganyikiwe. Hakuna aliyelia kwa sababu ya pete, kwa hivyo hakuna aliyeibiwa.

Kilio kiko kwingine. Karibu na shimo hilo mvutano unachelewesha wakati, na saa moja kwenye sayari ya maji ni miaka saba duniani. Thorne alipiga hesabu akaona inawezekana, mradi shimo lizunguke kwa kasi ya ajabu. Cooper anarudi chomboni. Miaka 23 imeenda. Anakaa mbele ya skrini, watoto wake wanakuwa watu wazima ujumbe baada ya ujumbe. Hapo efekti zimenyamaza, kuna uso wa Matthew McConaughey tu. Ukimtoa Einstein, onyesho lote linaanguka.

Mama alienda Saudia nikiwa darasa la nne. Aliporudi nilikuwa form two. Pale airport alinitafuta akiangalia chini, kwa kimo cha mtoto aliyemwacha, macho yake yakanipita mara mbili.

Ndiyo maana Interstellar inaniweza. Na ndiyo maana mwisho wake, Cooper akiwa nyuma ya rafu ya vitabu ndani ya shimo jeusi, uliniacha na macho makavu. Pale upendo unapewa kazi ambayo sayansi imeshindwa kuifanya, na mimi nishaona upendo ukishindwa na kalenda.

Siku hiyo binamu alikuwa na hoja nyingi juu ya hiyo rafu. Lakini kwenye zile jumbe alinyamaza, akaniomba nirudishe nyuma tuone tena.